Fungu la Mgonjwa

Kwa miaka thelathini na moja, katika kitongoji kile kilicho mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stendi ya Haydom, nyama ya sherehe iligawiwa na mtu mmoja tu. Jina lake Tomaso. Hakupigiwa kura. Siku moja mgawaji wa zamani aliumwa macho, kisu kikawa kimelala juu ya ngozi ya ng'ombe, watu wanatazamana, hakuna anayekishika. Tomaso akakishika. Toka siku hiyo, iwe ubatizo, iwe harusi, iwe msiba, watu walimngoja yeye.

Kukata nyama hata mwenye bucha anakata. Kugawa ni kazi nyingine. Nundu ni ya mwenye sherehe. Kidari ni cha wazee. Mbavu ni za vijana waliochinja na kuchuna. Ini ni la mgonjwa, la mama aliyejifungua, na la wasio na meno. Shingo ni ya mgawaji mwenyewe, naye huichukua mwisho kabisa, wote wakiwa wamekwisha kupata. Asiyeweza kufika hupelekewa fungu lake nyumbani, hata kama ni mtu mliyegombana naye jana. Tomaso aliyajua hayo yote, na alijua pia nani ana watoto wangapi na nani amepata mgeni wiki hiyo. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kahawia la kila safari. Baba yake alimleta hapo akiwa mtoto wa miaka sita, kutoka milima ya Mbulu, wakitafuta shamba. Alioa hapo, akazaa hapo, akazika watoto wawili hapo. Watano walikua, wakasoma, wakatawanyika.

Mwaka juzi jirani yake Yoakimu alifanya jubilei ya ndoa. Ng'ombe wawili, pombe ya mtama mapipa matatu, kwaya ya parokia. Tomaso aligawa nyama tangu saa sita mpaka jua linashuka. Alipokuwa ananawa mikono, Yoakimu akaja na beseni la maji.

"Na nyie lini?"

"Mwaka kesho kutwa, mwezi wa tano. Tunatimiza arobaini."

"Arobaini. Basi mimi ndiye nitakugawia, maana mwenye sherehe hashiki kisu. Nikupe utumbo mtupu uone."

Wakacheka. Yoakimu alikuwa hivyo. Mdomo mkali, lakini kuni za msiba wako analeta yeye wa kwanza.

Mwezi wa tano ukakaribia. Tomaso alikuwa na dume mwekundu mmoja, aliyemtenga kwa ajili ya siku hiyo. Kila jioni alimpa chumvi kwa mkono. Ndipo binti yake Brightness akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Brightness alikuwa na kazi ya ofisini, na ndiye mtoto anayesema mambo yakaisha.

"Baba, tumekaa sisi watoto tumezungumza. Sherehe tumeona tuiache."

"Muiache vipi?"

"Watu mia tatu wanakula siku moja, kesho yake Mama anabaki na sufuria chafu. Mama amepika miaka arobaini, jubilei nayo apike? Tumewalipia Zanzibar. Hoteli ya baharini, siku nne, kila kitu ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya bei, Baba. Kula, kunywa, kulala, ndege, vyote vimelipiwa. Hutoi hata mia. Huu ni msimu wa mvua, bei imeshuka."

"Imeshuka mpaka wapi?"

Brightness akasema milioni nne na nusu, kwa wote wawili. Tomaso alimtazama dume wake aliyefungwa karibu na zizi. Milioni nne na nusu ni madume matano kama yule, na chenji inabaki ya chumvi.

"Mwanangu, mimi watu hawa nimekula kwao."

"Nimeshalipa, Baba. Hairudishwi."

Ikawa hivyo. Juliana, mkewe, alipoambiwa, alikuwa anapepeta mahindi. Aliweka ungo chini. Jioni ile alitoa kitenge kipya kutoka kwenye sanduku, akakinyoosha, akakikunja tena.

Tomaso hakumwambia mtu. Aliona aibu, na aibu yake haikuwa ya safari. Angesemaje? Kwamba amekula jubilei za watu wote, yake anakwenda kuila baharini, yeye na mkewe, mlango umefungwa? Maharage yake yalikuwa yameanza kukauka shambani. Hesabu yake ilikuwa kwamba ataondoka Jumatatu, atarudi Jumapili, na Jumatatu inayofuata atayang'oa kabla hayajapasuka.

Jumatatu asubuhi, stendi, Yoakimu alikuwa amekuja kununua dawa ya kuoshea mbuzi. Akamwona na koti, na begi, na Juliana kwenye kitenge kipya.

"Safari ya wapi, Tomaso?"

"Dar."

"Kuna nini Dar?"

Tomaso akaweka mkono kiunoni kwa nyuma, akausugua mgongo. Hivyo tu. Hakutamka neno la uongo. Mkono ndio ulitamka.

"Aa," Yoakimu akasema, na sauti yake ikapungua. "Si uliniambia toka mwaka jana unakusumbua. Nenda baba. Vya mgongo si vya kuchezea."

Ndani ya basi Juliana alitazama dirishani mpaka walipopita mashamba ya mwisho. Kisha akasema, "Baba Festo, huo mgongo utaurudishaje?"

Tomaso akavuta begi magotini.

Hoteli ilikuwa kubwa, na kwa sababu ya mvua ilikuwa na watu wachache. Getini walifungwa kitepe cha plastiki cha bluu mkononi, kila mmoja wake. Kijana aliyekifunga alisema, "Hiki ndicho risiti yako, mzee. Ukikionyesha hiki, popote humu unahudumiwa. Usikivue." Na kweli hakikuvulika. Kilikuwa cha kukatwa tu.

Asubuhi ya kwanza walikwenda kula. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza kulikuwa na chakula cha kutosha harusi. Mayai ya aina nne. Matunda yaliyokatwa kama maua. Nyama, samaki, mikate, maandazi, viazi, wali asubuhi asubuhi. Tomaso alichukua sahani, akasimama mwanzo wa meza. Akangoja. Watu wakampita kushoto na kulia, Wazungu na Waafrika, wanachota wanakwenda. Yeye akaendelea kungoja.

Juliana alikuwa amekwisha kukaa, sahani yake imejaa. Akarudi.

"Unangoja nini?"

"Anayegawa."

"Hakuna anayegawa. Chota."

"Nichote kiasi gani?"

"Unachotaka."

Hilo ndilo lililomshinda. Kiasi gani anataka? Maisha yake yote kiasi chake kilitokana na wengine waliopo: wangapi, nani, wamebaki wangapi nyuma. Hapa hakujua walio nyuma ni wangapi. Alichukua yai moja, kipande cha mkate na chai. Mchana akachukua wali kidogo na samaki mmoja mdogo. Juliana yeye alikula. Alikula taratibu, bila haraka, akinyanyuka na kurudi, na kila mara aliporudi alikuta kijana amekwisha kuondoa sahani yake chafu. Mara ya kwanza alimshika yule kijana mkono akataka kumnyang'anya aioshe mwenyewe. Mara ya tatu alikuwa amezoea. Mara ya tano hakumtazama hata.

Mvua ilinyesha. Bahari ilikuwa ya kijivu, inakuja inarudi. Tomaso aliitazama siku nzima ya kwanza kwa heshima, maana hakuwahi kuiona. Siku ya pili aliitazama nusu siku. Siku ya tatu alianza kufikiria maharage: kama mvua hii imefika na kule, yatachipua ndani ya maganda.

Jioni ya siku hiyo ya tatu walichoma mbuzi mzima uwanjani, chini ya paa la makuti. Mpishi alikuwa anakata ovyo, paja na ubavu pamoja, mfupa unapasuka. Tomaso alisimama pembeni akitazama, na kila kisu kikishuka uso wake unajikunja. Kijana mmoja wa kuhudumu, aliyekuwa amebeba trei ya soda, akamwona akacheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unatoka upande wa Mbulu wewe."

"Umejuaje?"

"Nimekusikia ukiongea na Mama. Mimi ni wa kijiji cha Daudi, kule kule Mbulu. Naitwa Modest." Na akamsalimia tena, safari hii kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, na Tomaso akaitikia kwa sauti kubwa mpaka mama mmoja wa Kizungu akageuka.

Modest akaenda akazungumza na mpishi. Mpishi alikuwa amechoka, akatoa kisu bila maneno. Tomaso akavua koti, akampa Juliana, akanawa mikono. Kwa muda wa saa moja aligawa mbuzi yule. Alipasua kiungo kwa kiungo, hakuna mfupa uliolia. Wageni walipanga mstari. Tomaso alimtazama kwanza kila mmoja, umri wake, kama ana mtoto pembeni, ndipo akakata. Bibi mmoja mzee wa Kizungu alipewa kipande laini cha kidari, akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Mwanamume mmoja mnene alirudi mara ya pili kabla mstari haujaisha. Tomaso akamtikisia kichwa.

"Mwambie wengine hawajapata."

Modest akatafsiri. Yule mtu akacheka, akarudi nyuma ya mstari, akangoja. Mwisho kabisa Tomaso akachukua shingo, akakaa, akaila yote. Kilikuwa chakula chake cha kwanza cha kushiba tangu afike.

Baadaye akamwita Modest.

"Mwanangu, nina jambo. Siku hizi tatu mimi nimekula kidogo. Mkate, chai. Na vyote vimelipiwa. Nimewaza, hicho ambacho sikula, naomba nipewe nyama niende nayo nyumbani. Hata nusu mbuzi. Nina watu kule."

Modest aliweka trei chini. "Mzee, chakula hakitoki getini."

"Kimeshalipiwa."

"Kimelipiwa ukile hapa hapa."

"Na mimi nikishiba?"

"Kinabaki."

"Kinabaki kwa nani?"

Modest alitazama upande wa jikoni. "Kinamwagwa, mzee. Ndio utaratibu."

Tomaso naye akatazama upande wa jikoni. Halafu akasema, "Haya, asante," kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali.

Walirudi kwa ndege mpaka Arusha, na Jumapili wakapanda basi alfajiri. Juliana alikata kitepe chake hotelini kwa mkasi wa mapokezi. Tomaso alisahau. Kilikuwa kimekwisha kuwa kama sehemu ya mkono, na mkono wa koti ulikifunika.

Sasa, mabasi ya Haydom huleta wagonjwa. Hospitali iko pale, watu wanatoka mbali, na stendi nzima imezoea. Mtu akishuka taratibu, watu humpokea mzigo bila kuuliza. Tomaso alishuka taratibu kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Alipoinua mkono kupokea begi juu ya basi, mkono wa koti ukateremka. Angela, mke wa Yoakimu, alikuwa pale pale anauza parachichi. Akakiona kitepe. Vitepe kama vile alivijua: mdogo wake alifungwa kimoja siku ya kupasuliwa.

"Pole sana, Baba Festo." Akamnyang'anya begi. "Wamekupasua?"

Tomaso akafungua mdomo. Nyuma yake kondakta alikuwa anapiga kelele mzigo wa nani huu, mbele yake Angela alikuwa anamtazama kwa macho ya huruma kabisa, na yeye akasema, "Asante, mama."

Juliana alimtazama. Ndiyo ilikuwa mara ya pili kudanganya bila kutamka neno la uongo.

Walipofika nyumbani walipita kwanza shambani, kwa kuwa njia ndiyo hiyo. Shamba lilikuwa jeupe. Hakuna hata mche mmoja wa haragwe. Tomaso alisimama akafikiri wameibiwa. Akafungua mlango wa nyumba. Magunia sita ya maharage yalikuwa yamepangwa ukutani, yamepurwa, yamepepetwa, yameshonwa midomo kwa kamba ya katani.

Angela alikuwa amewafuata na begi. "Jumatano waling'oa, Ijumaa wakapura," akasema. "Yoakimu ndiye aliyewaita. Alisema mtu wa mgongo ataletaje maharage ndani, na mvua inakuja. Walikuja watu ishirini na wawili. Alhamisi jumuiya ilisali rozari kwa ajili yako."

Alipoondoka, Juliana alikaa juu ya gunia.

"Ishirini na wawili," akasema.

"Nimesikia."

"Na nani aliwapikia, kama sisi hatukuwepo? Walikuja na chakula chao."

"Nimesikia, Mama Festo."

Desturi ya kule ni kwamba ukialika watu shambani, unawalisha, unawanywesha. Kula na kunywa kwa siku hiyo ni juu yako, hutoi pesa, unatoa chungu. Mgonjwa peke yake ndiye analimiwa bila kutoa kitu.

Asubuhi ya Jumatatu wakaanza kuja kumpa pole. Huyu na unga wa uji, yule na jogoo, mwingine na maziwa. Walikaa kwenye viti na kwenye magunia ya maharage, wakiongea kwa sauti za chini kama ilivyo kwa mgonjwa. Yoakimu alikuja na mto, ati wa kuegemeza mgongo. Na mnamo saa nne pikipiki ikasimama nje, akashuka Gidabuday. Huyu alikuwa rafiki wa Tomaso wa miaka mingi, mfugaji wa Kimang'ati kutoka upande wa Dirma. Waliwahi kupeana ng'ombe. Habari ilikuwa imemfikia mnadani kwamba Tomaso amepasuliwa mgongo. Alikuwa amechinja kondoo, akayeyusha mafuta yake, akayabeba kwenye kibuyu, njia nzima ameyakumbatia yasipoe.

"Mafuta ya kondoo ndiyo dawa ya mfupa," akasema. "Hospitali wanakata. Mafuta yanaunga. Leteni kikombe."

Kikombe kikaletwa. Gidabuday akamimina mpaka juu. Mafuta yalikuwa ya manjano, mazito, yenye harufu ya dume la kondoo. Akampa kwa mikono miwili.

Watu wakageuka. Mgonjwa akinywa mafuta, watu hutazama, waone kama yatakaa. Tomaso alishika kikombe. Alitazama magunia. Alimtazama Juliana, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani, hamsaidii. Akakipeleka mdomoni. Kikafika kwenye mdomo wa chini.

Akakiweka chini.

"Mimi siumwi," akasema.

"Ndiyo, wagonjwa wote husema hivyo," akasema Gidabuday. "Kunywa."

"Siumwi, rafiki yangu. Sikupasuliwa. Mgongo wangu unauma kama wa kila mtu wa rika langu. Sikwenda hospitali."

Yoakimu alikuwa ameinama, anaweka mto sawasawa. Akanyooka.

"Ulikwenda wapi?"

"Zanzibar."

"Kufanya nini?"

"Jubilei. Watoto walitulipia hoteli. Hiki," akavuta mkono wa koti, "ni cha chakula. Ukikionyesha, unakula."

Kuku aliyeletwa zawadi akapiga kelele kwenye kamba yake. Kisha mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia akauliza, kwa upole kabisa, kama anauliza bei ya mahindi:

"Unakula nini?"

Na Tomaso akawaeleza. Hakupunguza, hakuongeza. Mayai ya aina nne. Matunda. Samaki wa bahari. Mbuzi mzima jioni moja. Bia kwa anayetaka, tangu asubuhi.

"Nani anagawa?" yule mzee akauliza.

"Hakuna. Kila mtu anajichotea anachotaka."

"Na kinachobaki?"

"Kinamwagwa."

Hapo watu wakatazamana. Kuhusu bia hawakushangaa sana.

Wanawake walimgeukia Juliana. Labda walitaka aone haya. Angela akamwuliza, "Na wewe, Mama Festo, ulikuwa unafanya nini siku zote hizo?"

"Nililala mpaka saa mbili," Juliana akasema. "Kila siku. Nikaamka nikakuta chai imekwisha kuchemka, na sikuichemsha mimi. Nikala, na sahani sikuiosha mimi. Sijawahi toka nizaliwe." Akafunga kitenge chake vizuri. "Baba Festo ndiye aliyeona ile pesa imepotea. Mimi wakinilipia tena, nakwenda tena."

Mmoja wa wanawake alitazama mikono yake mwenyewe.

Yoakimu alichukua mto wake. "Kwa hiyo," akasema polepole, "Jumatano mimi nimeinama kwenye maharage tangu saa kumi na mbili, mgongo wangu ndio unakatika, na mwenye mgongo mbovu anakula mayai ya aina nne." Akauweka mto kwapani. "Haya. Tumekwishamwona mgonjwa. Twendeni."

Wakaondoka. Gidabuday alibaki kidogo. Alirudisha mafuta kibuyuni, hakumwaga hata tone, akapanda pikipiki. Hakuaga vibaya. Hakuaga vizuri.

Tomaso alikaa siku ile yote bila kutoka. Alijua hesabu ilivyo. Angekufa mwezi ule, wangemzika, maana maiti hainyimwi. Lakini mtu hufa mara moja, na kuishi ni kila siku. Nani angemwita tena akashike kisu? Mgawaji hupewa kisu kwa sababu watu wanaamini jicho lake. Jicho likishasema uongo, kisu kinahama.

Jumanne asubuhi alivaa koti. Akaanza nyumba ya kwanza, akapita zote ishirini na mbili, na nyingine zaidi. Hakutuma mtu. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Jumamosi nachinja. Karibuni." Wengine waliitikia, tutaona. Kwa Yoakimu alimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Jumamosi nachinja dume mwekundu."

"Mgonjwa anachinja?"

"Nimekuja kukuomba ushike kisu. Mwenye sherehe hashiki."

Yoakimu aliendelea kuchonga. "Sina nafasi ya kuahidi."

Usiku ule Juliana aliuliza, "Na wasipokuja?"

"Basi tutakausha nyama."

"Dume zima?"

"Dume zima."

Simu ya Brightness ikaja Ijumaa. Alitaka kujua kama walifurahi, kama hela haikupotea bure. Tomaso alifikiri. Alisema bahari ni kubwa, na watu wale ni wapole, na mama yake amenenepa kidogo. "Mama yako umempumzisha, nakushukuru. Mimi ulinipeleka mahali ambapo sina kazi." Brightness akasema, lakini Baba, ndiyo maana ya likizo. Tomaso akasema huenda.

Jumamosi vijana wawili wa ukoo walichinja mapema, wakachuna, wakatandaza ngozi. Nyama ikakaa juu yake. Kisu kikawekwa pembeni, na Tomaso akakaa kwenye kiti mbali nacho, mikono magotini. Saa tano hakuna mtu. Saa sita wakaja wazee watatu, wale ambao wakinusa nyama hawawezi kubaki nyumbani. Saa sita na nusu pikipiki ya Gidabuday. Kisha, mmoja mmoja, kama watu waliopita tu njia, wale wa maharage. Walikaa. Wakanywa. Nyama inawatazama, na kisu hakina mtu.

Yoakimu alifika saa saba na kisu chake mwenyewe kiunoni. Hakusalimu. Akanawa mikono, akapiga magoti kwenye ngozi, akaanza.

Aligawa vizuri, polepole, akikosea mahali pawili ambapo Tomaso aliuma meno akanyamaza. Kidari wakapewa wazee. Mbavu wakapewa vijana. Waliong'oa maharage aliwaongezea kila mmoja kipande cha paja, tena akawatajia kwa nini, kwa sauti, mwenye nyumba asikie. Mwisho zikabaki nundu, ini na shingo.

Akainua nundu. Uwanja wote ukamtazama. Akatembea nayo mpaka kwa Tomaso, akasimama mbele yake, akampita, akaiweka mikononi mwa Juliana.

"Sherehe ni ya huyu," akasema. "Miaka arobaini amekupikia wewe."

Wanawake wakapiga vigelegele.

Akarudi, akachukua ini lote, akaliweka kwenye sahani, akalileta.

"Na hili la mgonjwa. Pole sana kwa mgongo."

Kicheko kilianzia kwa wazee kikaenda mpaka kwa waliokuwa nje ya boma. Tomaso hakucheka, hakukasirika. Aliunyoosha mkono wa kulia, ule wenye kitepe cha bluu. Yoakimu akakitazama, akapitisha ncha ya kisu chini yake, akakikata. Kikaanguka kwenye damu.

Tomaso akapokea sahani. Gidabuday alikuwa amekwisha kusimama pembeni yake na kibuyu kilekile.

"Nimeyapasha moto," akasema. "Safari hii unakunywa."

Akanywa. Yalikuwa mabaya sana. Alikunywa kikombe kizima, akafuta mdomo, akakata ini vipande vidogo kwa ajili ya wazee wasio na meno waliokaa karibu, na kipande cha mwisho akakila yeye.